Mwanamaji si baharia

Juzi nilikuwa Tanga, sebuleni kwa shangazi, tukitazama kipindi cha kuwakumbuka waliokufa katika vita vya Vietnam. Kilikuwa kimetiwa sauti ya Kiswahili. Msimulizi akasema, "Baharia huyu kijana aliuawa katika Mto Mekong." Shangazi, ambaye marehemu mumewe alizunguka dunia na meli za mizigo, akanigeukia: "Maskini! Meli yao ilikuwa imebeba nini, mwanangu?"

Shangazi hakukosea kuuliza hivyo. Aliyekosea ni mtafsiri, na kosa hili nimelisikia mara nyingi mno kulinyamazia.

Baharia ni mtu anayefanya kazi ya chombo: meli ya mizigo, ya abiria, hata jahazi. Mwanamaji ni askari wa jeshi la majini. Ndiyo maana tuna Jeshi la Wanamaji, wala hujasikia popote jeshi la mabaharia. Mombasa utawaona wote wawili wakitazamana: Mtongwe, kambini, ni wanamaji, ng'ambo ya maji, kwenye meli za makontena zilizofunga Kilindini, ni mabaharia.

Huwa naambiwa, "Lakini si wote ni watu wa bahari?" Hapo ndipo neno lenyewe linaponipendeza. Baharia limetoka kwa Waarabu, katika shina lile lile lililotupa bahari. Kwao hadi leo *bahriya* ni jeshi la majini, kwa hiyo neno halikuzaliwa likiwa la raia. Ni sisi Waswahili tuliolipa kazi ya jahazi na meli, likakaa huko. Na wao bahr hawaliachii bahari peke yake. Mito ya Sudan Kusini inayoingia Nile wameiita Bahr el-Ghazal na Bahr el-Jebel. Basi sina ugomvi na mto. Ugomvi wangu ni kiapo na silaha: mwanamaji anavyo, baharia hana.

Mwanamaji nalo tumeliunda wenyewe, mwana na maji. Mwana hapa si mtoto, ni yule aliye wa jambo fulani, kama katika mwanajeshi na mwanakijiji. Halafu tazama: ni maji, hatukusema bahari. Neno linatosha bahari, ziwa na mto.

Linamtosha David Ouellet, mwanamaji wa Marekani, mmoja wa waliouawa kwenye Mto Mekong. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1944. Chombo chake hakikuwa meli hata kidogo. Kilikuwa boti ya doria namba 124, ya faiba, urefu wa mita 9 na ushee, watu wanne ndani. Boti hizo hazikuwa na rafadha. Pampu zilivuta maji na kuyasukuma nyuma kwa nguvu, ndipo zikaweza kupita kwenye maji ya kina kifupi yenye majani bila kunasa. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele, kwenye bunduki ya rashasha.

Jioni ya tarehe 6 Machi 1967 aliona jambo la kutilia shaka ukingoni, akamjulisha kiongozi wa boti, wakaenda kuangalia. Walipokuwa wakipita kasi kando ya ukingo, akaona bomu la mkono linakuja. Pale alipokuwa palikuwa na kinga. Aliondoka. Alikimbia urefu wote wa boti kuelekea nyuma huku akipiga kelele wenzake wajifiche, akaruka juu ya kifuniko cha injini, akamsukuma kiongozi wake chini, kisha akajiweka kati ya bomu na wenzake. Vipande vingi vilimwingia yeye. Alikuwa na miaka 22. Nchi yake ilimpa Medali ya Heshima, akiwa ameshakufa.

Nadhani najua mtafsiri alikoteleza. Askari wa cheo cha Ouellet kwa Kiingereza huitwa *seaman*, na kamusi nyingi zitakupa baharia. Lakini pale ni cheo cha kijeshi. Kiingereza chenyewe kimewahi kutupa neno la aina hii, tukalishika vizuri: *man-of-war*, yaani mtu wa vita, iliyogeuka manowari, meli ya kivita, na hakuna Mswahili anayedhani manowari ni mtu.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Siku hizi vijana wa Dar wakiitana "baharia" wanamaanisha mjanja wa mjini, mara nyingi mjanja wa wanawake. Sina neno, lugha ni yao pia. Ila kijana wa leo akisikia "baharia aliuawa Mekong", sijui anamwona mtu gani.

Mwaka 1970 Marekani iliingiza kazini manowari yenye jina la Ouellet. Baadaye ilikwenda Thailand ikapewa jina lingine. Jina la Ouellet mwenyewe limebaki kwenye ule ukuta mweusi wa Washington wa kuwakumbuka waliokufa Vietnam, pamoja na mengine zaidi ya 58,000, na ukutani hawakuandika vyeo. Anayesimulia ndiye anayesema marehemu alikuwa nani.

Kwa hiyo, ndugu mtafsiri, kazi yako ilikuwa nzuri na sauti ilikuwa na heshima. Kipindi kikirudiwa, nakuomba ubadilishe neno moja tu, useme "mwanamaji huyu kijana". Shangazi nilimweleza usiku ule ule. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe askari," akaomba tukirudishe nyuma akisikilize upya.