Nambari ya eneo la ubunge si mpaka wake

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: kwamba eneo la kwanza la ubunge la Montana, Marekani, ni lile lile tangu zamani. Si kweli. Baada ya sensa ya 1990 Montana ilibaki na kiti kimoja tu cha ubunge, jimbo lote likawa eneo moja, nambari ikatoweka, ikarudi kwenye uchaguzi wa 2022 na mipaka mipya. Fungua ramani ya 1990 na ya 2022, utafute Helena, mji mkuu: kwenye ya 1990 umo eneo la kwanza, kwenye ya 2022 umo la pili. Kinachochanganya ni orodha za matokeo, huandika nambari bila ramani. Ndugu zangu, ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.