Mkopo umekataliwa: umelinganishwa na nani?

Tuchukue mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anaomba mkopo wa laki tatu kwa simu, na sekunde chache baadaye anajibiwa kwamba hajakidhi vigezo. Vigezo gani? Mhudumu wa wateja hajui. Mara nyingi hata aliyeijenga modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa data kutoa alama kwa waombaji, hana jibu la papo hapo, kwa kuwa ndani yake mna miti ya maamuzi (misururu ya maswali ya ndiyo au hapana) mia kadhaa ambayo majibu yake hujumlishwa. Jibu lakini linaweza kukokotolewa. Kinachowaangusha wengi ni swali linalotangulia hesabu: mama huyu analinganishwa na nani?

Njia inayotumika sana kueleza majibu ya modeli za namna hii ni SHAP, iliyotolewa na Scott Lundberg na Su-In Lee mwaka 2017. Msingi wake ni kanuni ya Lloyd Shapley ya mwaka 1953, ya kugawa mapato ya kazi iliyofanywa kwa pamoja. Fikiria mtumbwi: mmoja katoa injini, mwingine taa, mwingine nyavu, waliobaki nguvu zao. Nani apate kiasi gani? Pima mapato yanaongezeka kiasi gani kila mmoja anapojiunga, kwa kila mpangilio wa kujiunga unaowezekana, kisha chukua wastani. Sasa weka vigezo mahali pa watu, na alama za mwombaji mahali pa mapato. Kazi ni nzito: vigezo 10 vinaweza kuunda makundi 1,024 ya kupima, vigezo 20 makundi zaidi ya milioni moja. Ndiyo maana programu hukadiria kwa sampuli, ingawa kwa miti ya maamuzi ipo njia ya mkato ya kukokotoa bila kubahatisha.

Tutumie tarakimu za mfano. Alama za kupita ni 45, na wastani wa waombaji wote ni 52. Mkopo wa awali aliolipa kwa wakati unampa mama huyu +7, umri wa laini yake +4. Siku 9 bila muamala kati ya 14 zilizopita zinamtoa 15, salio dogo linamtoa 8, mengineyo 3. Jumla 37. Hesabu lazima ifunge hivi. Isipofunga, kuna hitilafu kwenye programu au umechanganya vipimo. Kosa la kawaida hapa: programu nyingi hutoa michango hii kwa kipimo cha logariti, mtu akaisoma kama asilimia. Kagua kabla ya kumpelekea meneja.

Ukiishia hapo utasema, “Amekataliwa kwa sababu biashara yake haieleweki.” Subiri kwanza. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti vizuri, mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa, na fedha kwenye simu za wachuuzi hutulia. Ule wastani wa 52 umetokana na watu gani? Kama wengi ni wa mishahara na wenye maduka mjini, siku 9 za ukimya zinaonekana ni balaa.

Rudia hesabu, safari hii data ya kulinganishia iwe ya wachuuzi wa dagaa peke yao, walioomba nyakati mbalimbali za mwezi. Tuseme wastani wao ni 41. Mkopo wa awali +3, laini +1, siku za ukimya −2, salio −4, mengineyo −2. Jumla ni 37 ileile. Modeli haikuguswa, alama hazikubadilika, ila sababu kubwa imekuwa ndogo. Na limejitokeza jambo zito zaidi: wastani wa kundi zima uko chini ya 45. Mchuuzi wa kawaida wa dagaa anakataliwa hata kabla hajaandika jina lake. Maelezo ya mtu mmoja mmoja yasingekuonyesha hilo kamwe.

Dawa yake iko kwenye kigezo cha siku za ukimya. Mzunguko wa mwezi ni siku 29.5, kwa hiyo dirisha la siku 14 linaweza kuangukia mbalamwezi karibu lote. Tumia siku 59, yaani mizunguko miwili, kisha ifunze modeli upya.

Kuna mtego mwingine. Siku za ukimya na salio dogo hutembea pamoja, hivyo SHAP huwagawia lawama kwa namna inayoweza kuyumba. Usijenge hoja juu ya tofauti ya alama moja au mbili. Viripoti vigezo hivyo kama kundi. Ukitumia LIME, njia nyingine ya kueleza modeli, ya mwaka 2016, ambayo huchokoza data kwa bahati nasibu, rudia mara kadhaa. Sababu zikipishana, ongeza sampuli.

Maelezo ya “ingekuwaje kama” watu huyapenda: siku za ukimya zingekuwa 4, ungefika 46. Ni mazuri, ila yachuje. Mtu akirushiana shilingi elfu moja na mwanawe kila siku, modeli itaridhika na uwezo wake wa kulipa utabaki vilevile. Na tafadhali, usimwulize roboti wa mazungumzo kwa nini modeli imekataa. Atakuandikia aya tamu isiyo na uhusiano wowote na hesabu iliyofanyika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, kwa hiyo ujumbe kwa mteja si hisani. Meseji moja ina herufi 160, zinatosha:

“Ombi halijapita: alama 37, zinahitajika 45. Sababu: siku 9 bila miamala kati ya 14, salio dogo. Kama si sahihi au kuna sababu, piga tuongee.”

Siku za ukimya zitajwe hata kama kwa wenzake ni jambo la kawaida, kwa kuwa hapo ndipo anapoweza kujibu: “Ilikuwa mbalamwezi, mwanangu.” Anayepokea simu awe na mamlaka ya kubadilisha uamuzi, na sehemu ya kuandika jibu hilo, ili mwenye modeli alikute wakati wa kuifunza tena.