Ukuta wa seli: maji yanaufufua mchicha, maji hayohayo yanapasua damu

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hapa Tanga wamekariri jedwali la seli, mmea una hiki, mnyama hana kile, mtihani ukiisha na jedwali limeondoka. Mi nasema shika ukuta wa seli kwanza, lile ganda gumu linaloizunguka seli ya mmea, mengi yaliyobaki utayaelewa bila kukariri.

Nenda pale sokoni Ngamiani jua likishakolea, utaona mafungu ya mchicha yamelegea, wamama wanayachovya kwenye maji na baada ya muda majani yanasimama tena. Sasa chukua tone la damu ulitie kwenye maji hayohayo matupu, seli nyekundu zinavimba, zinavimba, mwisho zinapasuka, na ndo maana dripu ya chumvi hospitalini inatengenezwa kwa chumvi asilimia 0.9 ili ilingane na damu, hawakuwekei maji ya bomba kwenye mshipa. Kwa nini mchicha unasimama na damu inapasuka? Maji yanaingia kwa njia ileile, osmosisi, yaani maji kupenya utando kwenda upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka, maana seli zote mbili zina utando mwembamba unaoyapitisha, ila ya mchicha nje ya utando ina ukuta wa selulosi, yaani maji yakijaa kwenye vakuoli, kile kifuko cha maji ndani ya seli, yanasukuma kwa nje, ukuta nao unazuia, na huo mkazo ndo unaosimamisha jani. Seli ya damu haina cha kuizuia.

Vinavyofanana kati ya seli ya mmea na ya mnyama kwa jumla ni vingi kuliko watu wanavyodhani: nyuklia yenye DNA, saitoplazimu (ule ute unaojaza seli), ribosomu za kutengeneza protini, na mitokondria. Hapo kwenye mitokondria naomba tuelewane, kuna watu wanaamini mmea una kloroplasti BADALA ya mitokondria, sio kweli kabisa! Kloroplasti inatengeneza sukari kwa mwanga, alafu mitokondria inaivunja sukari hiyo kupata nguvu, usiku na mchana, kwenye mwembe na kwako wewe.

Tena sio kila seli ya mmea ina kloroplasti. Bandua ule utando mwepesi wa ndani ya kitunguu, dondoshea iodini, weka chini ya hadubini. Utaona seli ndefu zimepangana kama matofali, nyuklia ni kidoa kilichosukumwa pembeni maana vakuoli imechukua nafasi karibu yote, na kijani hakuna hata chembe, kitunguu kinakaa ardhini mwanga wa nini? Alafu kwangua ndani ya shavu lako taratibu kwa kijiti safi, utie rangi ya methilini bluu: seli hazina umbo la kueleweka, kingo zimejikunja, nyuklia iko katikati.

Sisi wa Tanga tuna mfano mkubwa zaidi, mkonge, ule alioleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua mkonge, nyama ya kijani na maji vinatoka, zinabaki singa, yaani nyuzi nyeupe. Zile singa ni kuta za seli! Kila seli ina urefu wa milimita chache tu, zimelaliana na kushikana maelfu kwa maelfu mpaka zinafika mita, na zilipokomaa zilishakufa, vya ndani vyote vimeisha, umebaki ukuta mnene wa selulosi na lignini, ile inayoukaza mti. Kamba ya mkonge inayofunga jahazi imesokotwa kwa kuta za seli zilizokufa, mi hili halijawahi kunichosha.

Ukuta una gharama yake lakini. Seli ya mmea haiwezi kuhama ilipozaliwa, wakati seli nyeupe ya damu inajinyoosha, inapenya kwenye kuta za mishipa na kummeza bakteria, msuli nao unajikunja na kukunjuka kwasababu hakuna kitu kigumu kilichoubana. Hata kugawanyika wanatofautiana, seli ya mnyama inajibana katikati mpaka inakatika, ya mmea inajenga ukuta mpya kuanzia katikati kwenda pembeni, na zile mbili zinabaki zimegandana hapohapo.