Kioo cha kawaida kinatosha kwa darubini
Hapa Lubumbashi, kijana akitaka kujisagia kioo cha kuakisi mwanga cha darubini ya kutazamia nyota huambiwa kwamba bila Pyrex, kioo maalumu kisichotanuka sana kwa joto, anapoteza muda. Si kweli. Mwanga haupenyi kioo cha kuakisi: unarudishwa na utando mwembamba wa alumini juu yake, kwa hiyo ukijani na mapovu ya ndani havidhuru. Darubini ya Hooker, Mount Wilson, Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1917, ina kioo cha kawaida cha mita 2.5 kilichotoka Saint-Gobain, Ufaransa, kikiwa na mapovu tele. Mwanaastronomia Edwin Hubble aliitumia darubini hiyo kupima umbali wa galaksi!

Tofauti inayohesabika ni joto. Kioo cha kawaida hutanuka karibu mara tatu ya Pyrex, na usiku wetu wa Juni hupoa upesi, basi kitoe nje mapema kipoe kabla ya kutazama. Kwa kipenyo cha sentimita 15, tafuta unene wa milimita 19 au zaidi.