Opali ghafi: itoe kwanza kwenye maji

Mwezi uliopita kijana mmoja anayekata tanzanaiti hapa Arusha aliniletea kopo la maji lenye mawe kumi na mawili ya opali ghafi kutoka Ethiopia. Yalikuwa maangavu kama vipande vya barafu, na kila ukilitikisa kopo, cheche za kijani na rangi ya chungwa zilikimbia ndani yake. "Fundi, nianze na lipi?" Nikamwambia amwage maji, ayatandaze mawe kwenye kitambaa, aniletee tena baada ya wiki tatu. Nilimwona uso ukimshuka. Lakini mtu anayetaka kuikata opali hana budi kuyajua maji kabla ya kuijua mashine.

Tanzanaiti haina habari na maji. Opali nayo ni silika, madini yaliyo pia kwenye mchanga, iliyoshika maji ndani yake, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito wake. Silika yenyewe ni vitufe vidogo mno, vya nanomita 150 hadi 300, vilivyopangwa safu juu ya safu kama machungwa ya muuza matunda. Wanasayansi wa Australia waliviona mwaka 1964 kwa hadubini ya elektroni. Mwanga ukipenya kati ya safu hizo hugawanyika, ndiyo maana rangi zinacheza. Vitufe vidogo hutoa bluu, vikubwa hutoa nyekundu. Mahali ambapo vitufe vimekaa ovyo hakuna rangi yoyote, na opali ya namna hiyo mimi huiita opali bubu.

Maji humdanganya mnunuzi kwa njia mbili: hulifanya jiwe ghafi ling'ae kana kwamba limeshapigwa polishi, na huzificha nyufa. Miaka ya nyuma nilinunua chupa ndogo ya opali ya Australia, vipande ishirini vinavyowaka. Nilivitoa nikavikausha, na kabla ya mwezi kwisha tisa vilikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Tangu siku hiyo siangalii jiwe likiwa ndani ya maji. Nalitaka kavu, na kama muuzaji hataki likauke, biashara inaishia hapo. Likaushe kivulini, polepole. Jua na jiko hulipasua.

Likishakauka, shika tochi na lenzi ya mara 10. Mulika kutoka ubavuni. Ufa hujitokeza kama kioo kidogo kinachorudisha mwanga. Kisha tafuta rangi imelala upande gani. Opali nyingi za Coober Pedy, mji wa Australia zinakochimbwa tangu 1915, huja katika mishipa: utepe wa rangi uliobanwa na opali bubu. Hapa ndipo wanaoanza wanapolia. Utepe ukitazamwa ubavuni unawaka moto, lakini ukigeuza uso, ambao ndio utakaoonekana kwenye pete, rangi imepoa. Usilipie rangi ya ubavu. Futa dirisha dogo juu ya uso kwa gurudumu laini, au mwombe muuzaji alifungue, ndipo uzungumze bei. Utepe mwembamba kuliko milimita moja mwachie mtu mwenye mkono uliozoea.

Opali ya Ethiopia ina tabia nyingine. Ile ya Wegel Tena, eneo la Wollo, iliyoingia sokoni kwa wingi kuanzia 2008, imetoka kwenye miamba ya volkano na nyingi yake inakunywa maji kama mtungi mkavu. Ukiligusa jiwe kavu kwa ncha ya ulimi, linang'ang'ania. Rangi mara nyingi zinacheza pande zote, kwa hiyo kulielekeza ni rahisi. Iliyotangulia, ya Mezezo, iliyojulikana katikati ya miaka ya 1990, ilijiharibia jina kwa kupasuka. Na ukiuziwa opali nyeusi ya Ethiopia, uliza mapema: nyingi imetiwa moshi au rangi.

Sasa mashine. Ugumu wa opali ni kati ya 5.5 na 6.5, kwa hiyo usianze na gurudumu la namba 80, lenye chembe kubwa. Linaacha majeraha ambayo hutayaona mpaka wakati wa polishi. Anza na 220, nenda 600, 1200, 3000, hadi la laini kabisa. Maji yatiririke muda wote, kwani joto ndilo adui mkubwa, na vaa barakoa hata kama kila kitu kimelowa. Vumbi hili ni silika, na mapafu yakishaharibika kwa silika hayarudi. Kila unapobadilisha gurudumu, futa jiwe likauke usoni, maana maji huficha mikwaruzo kama yanavyoficha nyufa. Mgongo, yaani upande wa juu, uviringe kidogo, usibaki bapa, na ukingo wa chini uukate mshazari ili usimeguke sonara anapolibana.

Waliozoea tanzanaiti hupata taabu kwenye uzito. Wamefundishwa kulinda kila karati. Kwenye opali, opali bubu iliyobaki juu ya rangi ni pazia, na ufa ulioachwa kwa kuhurumia uzito utaendelea kutembea. Ondoa.

Kuna jambo ambalo limeharibu mawe mengi mazuri ya Ethiopia. Dakika chache kwenye gurudumu lenye maji, jiwe linaanza kuwa angavu na mara nyingi rangi inatoweka. Anayeanza anadhani ameisaga yote, anazidi kusaga akiifuata, na jiwe linaishia kuwa punje. Rangi haijaenda popote. Maji yamejaza matundu kati ya vitufe. Zima mashine, weka jiwe kitambaani, subiri. Kwa sababu hiyo hiyo, poda ya polishi yenye rangi, mafuta na gundi nyepesi visiliguse. Vitaingia pamoja na maji na huenda visitoke. Mimi hulimaliza kwa gurudumu laini la almasi na maji safi tu.

Kama hujawahi kukata mgongo wa mviringo, jifunzie opali ya kijani ya Haneti, Dodoma. Haichezi rangi, ukijani wake unatokana na nikeli, lakini mkono utaujua ulaini wa opali bila kuumia mfukoni.

Kijana alirudi na mawe kumi na mawili makavu. Matatu yalikuwa yamepasuka. Katika yale tisa alichagua dogo kuliko yote, akalikata kwa siku moja, na lilipoanza kuwa kama kioo alizima mashine mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Sasa liko kwenye rafu yangu. Leo asubuhi lilikuwa jeupe kama maziwa, hatua inayomtisha kila mgeni, na pembeni mwake umeanza kurudi mstari mwembamba wa kijani.