Ngozi kwanza, poda baadaye: maswali ya maharusi wa Moshi na Arusha

Napamba maharusi Moshi mjini, na msimu ukichanganya napanda Arusha pia. Desemba, watu wanaporudi nyumbani kula sikukuu, sendofu na harusi zinafuatana bila kupumua. Mteja anakuja na picha kwenye simu: dada, nataka nitoke kama huyu. Mimi kwanza namgeuza uso kuelekea dirishani nione ngozi, kwa sababu poda inafunika rangi lakini haifuniki ngozi inayoumwa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi akiwa ameshakaa kwenye kiti.

Dada, sendofu yangu ni baada ya mwezi mmoja. Nianze na nini usoni?

Anza na vitu vichache na usivibadilishe. Osha uso asubuhi na jioni kwa sabuni laini isiyo na manukato makali, paka mafuta au losheni ngozi ikiwa bado na unyevu, na mchana ongeza losheni ya kukinga jua. Basi. Kipodozi kipya kijaribu kwanza kwenye mkono kwa ndani, karibu na kiwiko, siku kadhaa mfululizo. Kama hakuna muwasho wala vipele, peleka usoni. Wiki ya mwisho usisuguliwe uso saluni na usikamue chunusi. Chunusi iliyoachwa naifunika kwa dakika mbili, ila iliyokamuliwa ikawa kidonda haishiki kitu.

Sisi weusi, losheni ya jua ya nini? Na huku kwetu kuna mawingu na baridi!

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ni kweli, lakini haitoshi. Yale madoa ya kahawia mashavuni na alama nyeusi zinazobaki baada ya chunusi hukolezwa na jua. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mawingu ya Juni na Julai yanayoficha mlima hayaizuii yote. Chukua losheni yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi, upake ya kutosha usoni, masikioni na shingoni, na ukikaa nje rudia kila baada ya saa mbili. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai, kwa sababu saratani ya ngozi huwashika mapema. Losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili yao, ilianzia pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC.

Jambo dogo la picha: losheni nyingine za jua na poda nyeupe nyeupe hung'aa kwenye flashi, bibi harusi akatoka kama amepakwa unga. Jipige picha na flashi ya simu kabla ya siku yenyewe.

Nimetumia mkorogo mwaka mzima. Uso umekuwa mweupe, mikono imegoma. Huwezi kunitafutia faundesheni inayolinganisha?

Aliyeniuliza hivi nilimpaka mistari mitatu ya faundesheni kwenye taya. Mmoja ulilingana na uso, wa pili na shingo, wa tatu na mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi tii, na mashavuni vishipa vyekundu vilionekana kama nyuzi. Nilimpamba, lakini tulikaa tukazungumza kwanza, na nayasema hapa niliyomwambia.

Ndani ya makopo ya kujichubulia mara nyingi kuna kimojawapo kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito anaweza kumfikishia mtoto tumboni, na walio nyumbani huipata kwenye taulo na mashuka. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye ubluu, ambayo hata daktari huhangaika nayo. Cha tatu ni steroidi, hasa clobetasol na betamethasone. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi daktari akikuandikia kwa muda maalumu, ila ukizigeuza losheni ya kila siku hukondesha ngozi, huleta chunusi, michirizi na nywele usoni. Ngozi iliyokonda hivyo ikipasuliwa hospitalini, mshono hufunga kwa shida.

Soma kopo. Ukiona neno mercury, mercurous, mercuric au calomel, liache. Likikuonya lisiguse dhahabu, fedha au alumini, nalo liache, onyo hilo ni dalili ya zebaki. Kopo lisilo na lebo, lililochanganywa na mtu nyuma ya duka, ndilo baya kuliko yote, kwa sababu hata hospitalini utashindwa kusema ulipaka nini. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini sokoni bado vipo, tunaviona.

Sasa kuacha. Mdogo wangu, kama umetumia krimu ya steroidi kwa miezi, usiitupe leo ukakaa kimya. Ngozi inaweza kulipuka ikawa nyekundu, ikawaka na kuvimba, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lako mkononi akupangie namna ya kuacha. Rangi yako itarudi polepole, huenda ikachukua miezi. Kwenye harusi naweza kukulinganisha na kifua na shingo yako. Uso mweupe juu ya shingo nyeusi siwezi kuutengeneza ukapendeza, na sitakudanganya.

Nikisuka rasta nywele za pembeni zinakatika. Ni mafuta gani yanaotesha?

Hakuna mafuta yatakayoshinda mkono unaovuta. Upara huu unaanzia juu ya masikio na kwenye paji la uso kwa sababu mizizi inavutwa siku baada ya siku. Dalili za mwanzo unazijua: umesukwa jioni, usiku huwezi kulaza kichwa, asubuhi kuna vipele vyenye usaha kwenye mstari wa nywele. Wengi tumezoea kumeza dawa ya maumivu na kusema zitalegea tu. Hapana. Rudi zifumuliwe zile za mbele, siku hiyo hiyo. Ukiwahi, nywele hurudi, lakini mzizi ukishakuwa kovu hazirudi tena.

Awe msusi wa saluni au kijana wa Kimasai, mwambie mapema aache nywele laini za mbele na apunguze uzito wa rasta. Zisizidi wiki sita hadi nane kichwani, kisha nywele zipumzike. Usitoke kufumua ukaingia kwenye dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo. Dawa ile ni kali, na ngozi iliyokwaruzwa na kitana inaungua. Ikianza kuchoma, ioshwe papo hapo. Msemo wa "vumilia ishike" umewaachia wengi makovu.

Kama mtoto ana mabaka yasiyo na nywele, yenye magamba, hayo huenda ni mapunye. Mafuta ya kupaka peke yake hayatibu, anahitaji dawa ya kumeza ya hospitali.

Kuna ubaya kupambwa na brashi zilizompamba mwenzangu?

Upo. Macho mekundu na vijipu vya kope husafiri kwa brashi ya wanja na maskara. Mpambaji atumie vijiti vya maskara vya kutupa, lipstiki aikwangue kwenye kibao, brashi azioshe kwa sabuni na kuzikausha. Muulize bila aibu. Maskara yako ya nyumbani, ukishaifungua, itupe baada ya miezi mitatu.

Mimi ni bwana harusi. Nikinyoa navimba vipele kidevuni.

Nywele zilizojikunja zikikatwa chini sana hurudi kuingia kwenye ngozi. Usinyoe mpaka kipara cha kidevu, acha kivuli kidogo, fuata uelekeo wa nywele, na fanya hivyo siku mbili kabla. Wembe uwe mpya na mashine isafishwe vizuri, kwa kuwa homa ya ini B huambukizwa kwa damu hata kidogo.

Meno yangu ni ya kahawia. Nisugue na mkaa?

Ukizaliwa chini ya Mlima Meru, hilo si uchafu. Maji ya maeneo mengi huko yana madini ya floraidi mengi kuliko kikomo cha Shirika la Afya Duniani, WHO, cha miligramu 1.5 kwa lita, na rangi hiyo iliingia wakati meno yanajengeka utotoni. Mkaa na mchanga vitakukwangua tu. Daktari wa meno anaweza kuyang'arisha au kuyafunika. Mimi nitakupaka lipstiki nyekundu yenye ubluu kidogo, itayafanya yaonekane meupe. Lipstiki za kahawia na za chungwa ziepuke. Kwa wadogo zako, maji ya kuchemsha hayapunguzi floraidi, na magadi ya kulainishia maharage huiongeza.

Mama anataka nichorwe piko pamoja na hina. Ni salama?

Hina ya asili, ndiyo. Huacha rangi ya chungwa inayokolea hadi kahawia kwa siku moja au mbili. Piko nyeusi ya papo hapo mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele rangi nyeusi, yenye kemikali ya PPD, na wapo ambao maua yote waliyochorwa hugeuka malengelenge. Ikianza kuwasha au kuvimba, osha kwa maji mengi, nenda hospitali, na umwambie daktari ni piko. Ukishapata aleji hiyo, dawa nyeusi ya nywele nayo iogope, hata miaka mingi baadaye.