Samaki wa nundu bado analindwa

Ndugu wavuvi mnaoishi Utah, Colorado na Arizona, swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: kwa kuwa humpback chub, yaani samaki wa nundu wa Mto Colorado, ametolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, sasa anavuliwa? Hakutolewa. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilimshusha daraja tu, kutoka walio hatarini kutoweka, alikokuwa tangu 1967, hadi wanaotishiwa. Sheria ya 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka bado inamlinda.

Akinasa kwa bahati mbaya, mtamjua kwa nundu nyuma ya kichwa, macho madogo na mkia mwembamba. Lowesha mikono, mtoe ndoana akiwa majini, mwachie palepale. Asitiwe ndooni wala kupelekwa ufukweni apigwe picha kwanza. Akiwa ameimeza ndoana, kata uzi. Ndugu yake bonytail, anayefanana naye sana, yuko kwenye daraja la juu la hatari: kumuua kwa kujua ni faini hadi dola 50,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Majimbo nayo yana adhabu zake.

Tunasikia pia kwamba samaki huyu amepungua kwa sababu ni dhaifu. Hoja hii tunaomba iachwe. Kwa maelfu ya miaka amestahimili mafuriko ya tope na ukame wa Mto Colorado. Kilichomwathiri ni bwawa la Glen Canyon, lililofungwa 1963: maji yalianza kutoka kilindini mwa Ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa hilo, yakiwa baridi, naye huhitaji takriban nyuzi 16 za Selsiasi ili azaliane. Ndiyo maana wengi wa Grand Canyon, korongo lililo chini ya bwawa hilo, hutagia Little Colorado, kijito chenye maji ya vuguvugu.

Ukame umeleta shida mpya. Ziwa Powell liliposhuka, maji ya juu yenye joto yalianza kupita kwenye mitambo ya bwawa, na samaki waitwao smallmouth bass wakapita nayo. Mwaka 2022 walikutwa wakizaliana chini ya bwawa. Hawa ni wageni kwenye mto huu, na hula vifaranga vya wenyeji. Mwaka 2024 maji baridi yalifunguliwa makusudi kuwavurugia kuzaliana.

Kwenye Mto Green na Mto Colorado ndani ya Utah, ukimvua bass huyo usimrudishe. Muue papo hapo. Kumhamisha akiwa hai kwenda ziwa jingine ni kosa, hata kama nia ni njema. Idadi ya kuvua haina kikomo, na nyama yake ni nzuri.